Kile Kipindi cha Mizigo Iliyopotea

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuhudumia wazee, kila Jumapili baada ya ibada mnanishika mkono na kuniuliza: Auntie Nduku, mtu mzito unamwinuaje bila kuvunja mgongo? Ni swali zuri. Kunja magoti, msogeze karibu na kifua chako, na mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Basi. Mgongo wangu mzima mpaka leo. Magoti ndiyo yamekwenda, na hayo yaliuawa na ngazi, si na wazee.

Jambo msiloniuliza ni tivii. Mnaingia zamu, mnamkuta mzee mbele ya tivii, mnaona vizuri, huyu ametulia, acha nikatandike vitanda. Hapo ndipo mnapokosea. Ketini niwaambie.

Nyumba ya wazee niliyofanyia kazi iko Kingstanding, mtaa wa Birmingham, jengo la matofali mekundu, sebule moja kubwa, na kati ya sebule na jikoni kuna dirisha lenye meza ya kupitishia sahani. Meneja wetu wa mwisho aliitwa Parminder, msichana mwenye bidii ambaye mwendo wake ulikuwa mbio. Mpishi alikuwa Bi Zuhura, Mzanzibari, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto. Yeye alinitangulia pale, na mengi ninayoyajua alinifunza yeye, ingawa hajawahi kukubali kwamba nimeyajua.

Na pale kwenye kiti cha pembeni, karibu na radieta, alikaa Harold. Kwa mtindo wa kwetu ningemwita Mzee Harold, lakini yeye alikataa. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa Aston, mtaa mwingine wa mji huo, ametengeneza bawaba za milango kiwandani tangu ujana mpaka kustaafu. Siku yangu ya kwanza aliniita "bab." Nikamwambia kwa heshima, mimi ni mama, si baba. Akanitazama sana. Zuhura akacheka jikoni mpaka akaunguza vitunguu. Ndiyo nikajua kwamba watu wa Birmingham humwita hivyo yeyote wanayempenda, hata kondakta wa treni.

Sasa, siku hiyohiyo, Harold alinishika mkono, uso mkavu kabisa, akaniambia, "Bab, askofu amepotea."

Nikamuuliza, "Askofu gani?"

"Mnene. Alikuwa juu ya rafu ya mizigo. Sasa hayupo."

Wacha niwaambie, mimi ni mtu wa kanisa. Na asubuhi ile nilikuwa nimesikia kwamba kuna mchungaji anakuja kuwaombea wazee. Nilijua tu kwamba Waingereza wana vyeo vyao vya kanisa, huenda huyu ni askofu. Kuhusu rafu nilisema, labda Kiingereza changu. Nikaanza kutafuta. Nikafungua vyoo, nikaangalia chumba cha kufulia, nikapiga hodi kwa Bi Doreen aliyekuwa amelala, kwa sababu Bi Doreen alikuwa amelala daima. Mwisho nikafika kwenye kistoo nyuma ya jiko, nikamkuta mwanamume mnene, amevaa nguo nyeusi, amepiga magoti.

Nikainamisha kichwa. "Baba Askofu," nikasema, "wazee wanakungoja."

Yule mtu akainuka polepole. "Mimi?" akasema.

"Ndiyo. Tafadhali."

Alinifuata. Mpaka leo sijui kwa nini alinifuata. Nadhani ni ile sauti yangu. Mimi nikimwambia mtu njoo, huja. Nikamkalisha sebuleni, nikampa chai na biskuti mbili, wazee wakaunda nusu duara, nikamwomba atuongoze. Akavua kofia. Akasema, "Bwana, wape hawa watu joto. Amina." Kila mtu akaitikia amina. Wakati huo mchungaji halisi akaingia na Biblia yake, na Zuhura akatoka jikoni kwa hasira akiuliza nani amemchukua fundi wake wa boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto.

Zuhura ndiye aliyenikalisha chini baadaye. "Mwenzangu," akaniambia, "yule bwana hakupoteza askofu wala padri. Yale maneno ya tivii. Huijui ile michezo yao ya kuchekesha? Tena ile ya zamani, ya mizigo."

Nikawa sijui. Basi akanieleza. Kuna kichekesho cha zamani cha Kiingereza ambacho kila mzee wa pale alikikuta katika ujana wake. Ni cha ofisi moja ya stesheni ya treni, inayotunza mizigo iliyosahauliwa na abiria. Karani wa ofisi ni mtu mkali mwenye kofia, ambaye kazi yake ni kuwarudishia watu vitu vyao, na kitu anachokichukia kuliko vyote duniani ni kuwarudishia watu vitu vyao. Hivyo tu. Kila kipindi mtu mmoja anakuja kudai kitu na hapewi. Kipindi cha meno ya bandia. Kipindi cha keki ya harusi. Na kipindi cha askofu mnene aliyelala juu ya rafu ya mizigo ndani ya treni, akashushwa pamoja na masanduku, karani akamfunga kibandiko mguuni na kukataa kumwachilia mpaka mwenyewe aje kumdai.

"Na mwisho wake?" nikamuuliza.

"Mwisho wake, mtu anaambiwa aje Jumanne," akasema Zuhura. "Kila kipindi kinaisha hivyo. Karani anafunga dirisha, anasema: njoo Jumanne."

Nikamwuliza kinachochekesha ni nini. Zuhura akafikiri. "Sijui, dada," akasema. "Lakini ukiwapikia watu, lazima ujue wanakula nini."

Maneno hayo yaandikeni mioyoni. Nikaanza kukaa na Harold. Baada ya chakula cha mchana namwekea DVD ya kichekesho hicho, navuta kiti, naketi kando yake kipindi kizima. Nilimwambia meneja wa wakati ule kwamba hiyo ni shughuli ya mzee, naye akakubali. Mwanzoni nilikuwa nacheka pale watu wa ndani ya tivii walipocheka, kwa sababu sikujua pa kucheka peke yangu. Baadaye nikawa nacheka kabla yao. Ukifika hapo umekuwa Mwingereza, huna haja ya kiapo wala pasipoti.

Na faida yake kazini nilianza kuiona. Harold hakupenda kuoga. Ukimwambia "twende tukaoge" anashika mikono ya kiti kama mtu anayefukuzwa nyumbani. Lakini ukisimama mbele yake ukasema kwa sauti ya karani, "Mzigo huu umekaa hapa sana, usipoondolewa unapigwa mnada," anainuka mwenyewe. Akikataa dawa, unamwambia hapewi bila tiketi. Anatafuta tiketi mifukoni, unampa kipande cha karatasi, anakurudishia karatasi na kumeza kidonge. Mtaniambia ni utoto. Jaribuni njia yenu, kisha mje tulinganishe.

Jambo jingine ni kijiko. Mkimlisha mtu anayetazama kichekesho, kijiko kinaingia baada ya kicheko, si wakati wa kicheko. Anayecheka amefungua mdomo, ndiyo, na kijana mjinga anafikiri hiyo ni bahati. Mtu anaweza kupaliwa, na hilo si la mchezo. Mimi niliokolewa na miwani tu: kipindi cha keki ya harusi, uji wa shayiri, wote ukanirukia usoni. Harold akaniambia nikadai ofisini.

Tukaishi hivyo miaka. Kisha Parminder akaja, na pamoja naye ikaja tivii mpya, pana kama mlango, nyembamba kama chapati. Nzuri kabisa. Haikuwa na mahali pa kutia DVD. Ile mashine ya zamani ilikwishakufa, na zile sahani za DVD zilikuwa na mikwaruzo mpaka karani alikuwa anagandaganda katikati ya neno. Parminder akasema tusijali, vipindi vyote sasa viko kwenye intaneti. Na kweli tulikiona, kwa wiki chache. Halafu siku moja tukabonyeza pale, hakuna. Kimeondolewa. Parminder akapiga simu, akaandikia watu, akakimbia huku na huku, maskini. Hakuna aliyejua kilikokwenda.

Mnaona uchawi wake? Kipindi cha mizigo iliyopotea, kimepotea.

Sikucheka wakati huo. Kwa kuwa hakukuwa na kipindi, ile saa yangu ya kukaa na Harold nayo ikaondolewa. Kazi zilikuwa nyingi, watu wachache, nami nikapelekwa ghorofani. Harold akabaki na tivii pana na vipindi vya watu wanaonunua nyumba. Akaanza kuacha mkate. Kisha akaacha supu. Kisha akaacha kusema. Daktari akaja, akampima kila mahali, hakuona ugonjwa. Mwili ulikuwa unapungua mbele ya macho yetu, mpaka soksi zikawa zinamteremka.

Parminder aliniita ofisini, akafunga mlango. "Nduku," akasema, "huenda tukashindwa kumhudumia hapa. Kuna nyumba yenye manesi usiku na mchana. Iko pwani, mbali."

"Harold? Pwani?" nikasema. "Yule hajawahi kulala mahali ambapo hasikii kelele za uwanja wa mpira wa Aston, isipokuwa hapa, na hapa analalamika kwamba ni kimya."

"Najua. Lakini mtu wa tathmini, anayeamua mzee akae wapi, anakuja Alhamisi. Akimkuta hivi, hasemi, hali, hasimami, hatakuwa na la kuandika ila aondoke."

Nilishuka jikoni nikamkuta Zuhura anamenya viazi. Nikamweleza. Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Kama tivii haina, tutafanya wenyewe."

"Tutafanya nini?"

"Kipindi. Dirisha tunalo, hili hapa. Miye karani, weye mwenye mzigo. Vipindi vyenyewe tunavijua kuliko Sura ya Fatiha, Mungu anisamehe."

Tukachagua kipindi cha bata bukini. Hicho kinahusu mama mwenye kofia ya manyoya ambaye amemsahau bata bukini wake ndani ya treni. Karani anamwambia athibitishe kwamba bata ni wake: ana uzito gani, anaitwa nani, ana alama gani. Mwisho anaamua bata mwenyewe achague, naye bata anamchagua karani. Nilimwambia Zuhura, mimi nitaleta kofia, wewe tafuta bata. Hayo ndiyo maneno yangu. Tafuta bata. Nilikuwa nafikiria kimdoli, ama mto wenye mdomo wa kadibodi.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tukawapanga wazee wote mbele ya dirisha la jikoni. Parminder alituruhusu kwa sababu tulimwambia ni mchezo mdogo tu wa kuchangamsha. Harold tukamweka mbele, kichwa kimeinama. Nikavaa kofia ya harusi ya dada yangu, ile yenye unyoya mrefu, nikagonga meza ya dirisha. Zuhura akafungua, kavaa kofia ya shemeji yake Khamis, mlinzi wa ghala, juu ya mtandio wake.

"Nimekuja kumdai bata wangu," nikasema.

"Tiketi!"

"Sina tiketi. Bata alikuwa nayo."

Kutoka chini ya meza ikatoka sauti. Haikuwa sauti ya mto.

Nilimtazama Zuhura. Zuhura akanitazama. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Bi Zuhura, kuna nini humo?"

"Bata," akasema.

"Mzima?"

"Ulisema bata. Hukusema wa kitambaa. Khamis kampata kwa jirani yake wa Nechells, kamleta ndani ya kapu la nguo. Nitamrudisha jioni."

"Ndani ya jiko?"

"Kwani ulitaka nimweke wapi, ofisini kwa meneja?"

Hapo kapu likapinduka. Kama hamjawahi kukutana na bata bukini, ondoeni mawazo ya kuku. Huyu ni kama nesi mkuu mwenye mabawa. Alipanda juu ya meza ya dirisha, akanyoosha shingo, akachukua unyoya wa kofia yangu na kuanza kunivuta. Nilipiga kelele kwa Kikamba. Zuhura akawa anampigia sufuria kwa mwiko, akidai tiketi, kwa sababu maneno mengine yote yalikuwa yamemtoka. Wazee wakaanza kucheka. Mmoja akapiga makofi. Parminder akaingia mbio, akaona, akasimama. Nilikuwa sijawahi kumwona amesimama.

Na nyuma yake, begi begani, alisimama mwanamke wa tathmini.

Nikasema moyoni, basi, Harold anakwenda pwani na sisi tunakwenda nyumbani.

Ndipo nikasikia kiti kinalia. Harold alikuwa ameshika fremu yake ya kutembelea. Akainuka. Akaja hatua kwa hatua mpaka mlango wa jikoni, ambako wazee hawaruhusiwi, akaingia, akamvua Zuhura kofia, akaivaa mwenyewe na kuinyoosha. Akaiweka fremu pembeni, akaegemea meza ya dirisha kwa viwiko. Bata akaniachia unyoya. Wakatazamana, wote wawili wenye shingo ndefu.

"Wewe," Harold akamwambia bata, "subiri zamu yako."

Wallahi, kama anavyosema Zuhura, bata akakaa.

Harold akainua macho, akamwona mwanamke wa tathmini. "Na wewe, umepoteza nini?"

"Mimi? Sijapoteza kitu, asante."

"Wote husema hivyo. Mbele kidogo, unazuia foleni."

Yule mama akatazama huku na huku. Foleni ilikuwa mimi tu, kofia imepinda. Akasogea, akasimama nyuma yangu. Kisha akasema taratibu, "Kwa kweli, nilisahau mwavuli kwenye basi. Mwaka jana."

"Rangi?"

"Mweusi."

"Mweusi kama nini?"

"Kama... mwavuli."

"Anaitwa nani?"

Yule mama akakunja uso kabisa, akifikiri. "Geoffrey," akasema.

Mimi nililia kwa kicheko. Harold hakucheka, karani hachekagi. Akaomba mkate. Zuhura akampa slesi nzima. Harold akaimega: kipande kimoja akampa bata, kimoja akatia mdomoni mwake, akatafuna, akameza. Cha bata, chake. Cha bata, chake. Mpaka slesi ikaisha, akaomba nyingine, na safari hii akataka siagi. Bata naye alipopata yake akaruka chini, akatembea katikati ya wazee na kwenda kulala miguuni pa Bi Doreen, ambaye aliamka, akamtazama, akasema "Hatimaye," na kulala tena.

Mwanamke wa tathmini alimgeukia Parminder. "Nimekuja kumwona bwana mmoja asiyesema, asiyekula, asiyesimama," akasema. "Yuko wapi?"

Harold hakuenda pwani. Zuhura na mimi tulikaripiwa, na kwa haki: jiko zima lilifungwa, tukalisugua kutoka dari mpaka sakafu, na jioni ile wazee walikula vitu vya kununua. Parminder alitukaripia huku anajiuma midomo. Halafu akanirudishia saa yangu ya kukaa na Harold, kipindi kiwepo kisiwepo.

Basi siku chache baadaye nikavuta kiti, nikaketi. Tulikuwa sisi wawili tu, na chai. Nikamwambia, "Usijali, Harold. Parminder bado anakitafuta. Kitapatikana tu."

Akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu. Kisha akaniinamia.

"Nduku," akasema. Miaka yote ile sikuwa najua kwamba analijua jina langu. "Naweza kukuambia kitu, hutachukia?"

"Siwezi kuchukia."

"Kile kipindi. Sikipendi sana."

Niliweka kikombe chini.

"Si kibaya," akasema upesi. "Lakini kinarudia jambo lilelile. Marehemu mke wangu alikuwa hakitaki kabisa nyumbani. Nilichomeka maneno yake mawili matatu siku ile ulipokuja, kwa mzaha tu. Kesho yake ukaja na kiti, ukakaa, ukacheka. Ulikuwa unacheka hata mahali pasipochekesha. Nikasema, huyu mama anatoka mbali na amekipenda hivi, nani mimi nimvunje moyo?"

"Na kule kusimama juzi, na kofia?"

"Mlikuwa mnaharibu," Harold akasema. "Yule mwenzako hakumbuki hata sentensi moja. Ilibidi."

Nilikaa pale sijui nicheke au nilie. Mwisho nikamuuliza, kama si hicho, yeye angependa kutazama nini. Akasema snuka. Mnaijua? Watu wawili wamevaa vizibao, wanazunguka meza ya kijani kwa fimbo, wanasukuma mipira, hakuna anayesema neno. Nikaiweka. Tukatazama alasiri nzima. Mmoja aliinama, akafikiri, akainuka, akaenda upande wa pili, akainama tena. Nilichoka mpaka macho yakaniuma, wala sikujua nani anashinda. Lakini Harold alikula biskuti zake zote, nami sikuinuka.

Kesho yake nilikuwa napita na mashuka, nikamsikia Harold kwenye dirisha la jikoni anamnong'oneza Zuhura.

"Mwekee Nduku snuka," alikuwa anamwambia. "Ameipenda sana yule mama."